Bila Kasoro Hatutoi

Jumanne, tarehe tatu Novemba. Manyunyu yalianza kabla sijatoka nyumbani, yale ya kukera, ambayo ukifungua mwavuli unaonekana mwoga na usipoufungua unafika umelowa. Nilifika ofisini nimelowa mabega, lakini nilikuwa nimemaliza maombi yangu njiani na moyo ulikuwa mwepesi. Mtihani wangu wa hesabu ulikuwa keshokutwa.

"Mvua hii haikati," alisema Kasoro kabla sijavua koti. "Itanyesha hivihivi mpaka Alhamisi. Utafika kwenye mtihani umelowa, utapiga chafya, na msimamizi atakutoa nje."

"Habari za asubuhi, mzee."

"Asubuhi gani hii. Feni imeanza tena kulia."

Ofisi yetu iko stesheni, nyuma ya ukumbi wa tiketi. Tunapokea vitu vilivyosahauliwa ndani ya treni na kuvirudisha kwa wenyewe: miavuli, mabegi, miwani, viatu vya mguu mmoja, na mara moja jiko la mkaa ambalo hatukuelewa mtu anawezaje kulisahau. Tuna sheria moja ambayo kila mgeni huishangaa. Hakuna kitu kinachotoka mpaka mwenyewe ataje kasoro yake. Vilivyomo ndani hatuulizi, maana nguo ni nguo na mkate ni mkate. Rangi nayo hatuitegemei, kwa sababu mtu yeyote anaweza kusema begi lake ni jeusi. Lakini mwenye begi anajua kwamba zipu hukwama, kwamba bitana imechanika pembeni. Kwa hiyo mmoja wetu hushika kitu chini ya kaunta kisionekane, na mwingine huuliza dirishani: "Kina kasoro gani?" Ukiitaja unapewa. Usipoitaja, unarudi nyumbani ukafikirie.

Anayezitafuta hizo kasoro na kuziandika kwenye lebo, tangu kabla mimi sijaajiriwa, ni huyu mwenzangu. Ndiyo maana jina lake halisi limesahaulika, na hata makao makuu wakipiga simu humwita Kasoro. Mwenyewe hulilalamikia jina hilo. Anasema ni refu mno kwa mtu anayeitwa mara nyingi hivyo.

Taabu ni kwamba jicho lake halifungwi ofisi inapofungwa. Siku yangu ya kwanza alinizunguka kama begi lililoletwa na wasafishaji, akasema, "Bega la kushoto limeshuka. Anacheka kabla mtu hajamaliza kusema." Chai ya askari wetu wa mlangoni ni nyepesi. Kalenda ya bosi imekaa upande. Nilipoleta maua ya kuweka dirishani alisema yatanyauka, na yaliponyauka alisema yamechelewa. Nilipotangaza kwamba nimeanza masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu wanapeleka wajukuu shule, wengine walicheka kidogo kisha wakanipongeza, na wakaanza kuniita Mwanafunzi. Kasoro hakucheka. Alisema, "Hesabu itakushinda," akaendelea kukagua mwavuli. Tangu hapo amekuwa akiniambia hivyo kila jioni, kama watu wengine wanavyosema kwaheri.

Asiyewahi kukaa kutwa na mtu wa namna hiyo anaweza kuona ni jambo dogo. Si dogo. Unarudi nyumbani na uchovu ambao si wa mikono wala miguu. Darasa letu la jioni liko katika shule ya watoto, madawati ni mafupi, magoti yangu yanagusa ubao kwa chini. Mwalimu, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu, anaandika swali ubaoni, nami kabla sijashika penseli nasikia sauti ya Kasoro sikioni. Itakushinda. Mimi niliacha shule nikiwa msichana, mama yetu alipougua, na cheti hiki nimekitamani kwa muda mrefu kuliko nilivyokitamani kitu kingine chochote. Kukisogelea huku mtu amekaa pembeni anasoma kasoro zako, hiyo ndiyo iliyokuwa ikinikaba.

Nilianza kwa kuomba subira. Subira ilipokuja kidogokidogo na kuisha harakaharaka, nikaomba Mungu ambadilishe. Mwisho nikaomba Mungu amwondoe. Nilimweleza dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, kwamba sikumwombea mabaya. Nilimwombea apate kituo kingine, kizuri, mbali.

"Sasa hayo ni maombi au barua ya uhamisho?" akaniuliza dada, huku akimenya viazi.

Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha tunasimama pamoja, sote wanne: bosi, Kasoro, mimi na askari. Askari anatoa sala fupi, kisha bosi anasema ya siku. Bosi wetu ni mwanamke mdogo kwa umri kuliko mimi, anatuheshimu, na hapendi maneno mengi. Siku hiyo alitazama sakafu kwanza.

"Mnamkumbuka bi harusi," akasema.

Tulimkumbuka. Alikuja kuchukua viatu vyake vya arusi, akataja kasoro yake vizuri kabisa, doa la mafuta kwenye ncha, akapewa. Kisha Kasoro akamwambia kwa hisani yake, "Kisigino cha kushoto nacho ni kifupi. Utaingia ukumbini unachechemea." Binti alitoka analia.

"Baba yake ameandika makao makuu," bosi akaendelea. "Mzee, samahani. Kuanzia kesho wanakuhamishia ghala la mwisho wa reli, ukahesabu mataruma ya kulaza chini ya reli. Atakayeshika nafasi yako anafika Jumatatu."

Nikasema moyoni, asante Mungu. Nilisema haraka, kabla aibu haijafika. Aibu ilipofika, ilikuja imefuatana na hesabu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hesabu hiyo niliipata bila penseli.

"Bosi, na Alhamisi yangu?"

"Alhamisi ipi, mama?"

"Mtihani. Ulinipa ruhusa."

Akafunga macho. Alikuwa amesahau. Dirisha letu haliendeshwi na mtu mmoja, kwa sababu lazima mmoja ashike na mwingine aulize. Kasoro akiondoka, tunabaki bosi na mimi, maana askari haachi mlango.

"Na huo mtihani hauahirishwi?"

"Ni mara moja kwa mwaka."

"Nilisema hesabu itamshinda," akasema Kasoro.

Dada yangu angekuwepo angecheka mpaka akae chini. Nilikuwa nimeomba, na nilikuwa nimejibiwa, ila Mungu hakuniuliza tarehe nami sikukumbuka kumtajia.

Bosi aliniita pembeni, karibu na rafu za miavuli. "Mkurugenzi atanipigia jioni. Naweza kumwomba huyu mzee abaki kwanza, lakini nikimwambia ni kwa ajili ya mtihani wa mtu atasema sisi ni reli, si shule. Nipe jambo moja jema juu ya Kasoro. La kweli, maana sitadanganya. Uliseme jioni tukifunga, mbele yetu sote na mwenyewe akisikia, nami nitalifikisha kama lilivyo."

"Moja tu?"

"Moja. Mimi nimetafuta tangu jana, sijapata."

Nikasema hilo ni rahisi. Kufikia saa ya chai nilikuwa nimetafuta kila mahali. Hachelewi kazini, lakini huwahi ili atuone sisi tukichelewa. Hasengenyi, kwa sababu humwambia mtu baya lake usoni. Kusema uongo siwezi, hata kwa ajili ya cheti, maana Mungu aliyenipa nafasi ya kusoma ndiye huyohuyo anayenisikia. Nikaenda stoo, nikasimama kati ya masanduku, nikaomba nionyeshwe jema moja la mtu huyu. Nilichoonyeshwa ni kwamba paa linavuja.

Nikaona nimchokoze mwenyewe. Alikuwa ameketi, amefungua mwavuli wa mtu, anaupeleleza ubavu kwa ubavu.

"Mzee, ni kitu gani hukufurahisha?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Alifikiri kwa uaminifu, hilo nalikubali. "Jumapili kukiwa kimya," akasema.

Nikachangamka. "Enhe?"

"Lakini hakuwi kimya."

"Na huko ghalani, unataka kwenda?"

"Linavuja."

"Kwa hiyo ungependa kubaki hapa."

"Hapa pia panavuja."

"Mzee wangu, hakuna hata siku moja uliyotazama kitu ukaona kizuri, basi, kikaishia hapo?"

"Kizuri kina faida gani?" akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli. "Kizuri kinafanana na kizuri kingine."

Nikaondoka pale kabla sijasema maneno ambayo ningelazimika kuyatubia.

Mchana akaitwa ofisi ya mkuu wa stesheni kutia saini karatasi zake. Wasafishaji wakaleta vitu vya treni ya asubuhi, na kati yake begi jeusi la begani. Kuandika lebo si kazi yangu, lakini niliikalia meza yake na kuichukua kalamu yake. Nilikuwa nimeshiba kasoro mpaka kooni. Nikaandika: Begi jeusi. Zuri, imara, limetunzwa. Nikaifunga lebo ile nikajisikia kama mtu aliyekunywa maji baridi.

Haukupita muda akaja mteja, fundi rangi, suruali yake imejaa matone ya rangi za kuta za watu. Alikuwa na haraka na macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Bosi alikuwa kwenye simu, kwa hiyo nikashika na kuuliza mwenyewe, jambo tusilolifanya.

"Begi la begani, jeusi," akasema. "Nililisahau kwenye treni."

"Lina kasoro gani?"

"Kasoro? Begi zuri tu, mama. Imara."

Nikaangalia lebo. Zuri, imara. Yalilingana neno kwa neno, na kwa kweli nilifurahi, kana kwamba sheria yenyewe imenikonyeza. Nikamkabidhi. Alilitupa begani bila kulitazama akageuka mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama Kasoro.

"Kasoro yake?" akauliza.

"Ameshanitajia," nikasema.

"Amesemaje?"

"Zuri. Imara."

Kasoro alinitazama kama anavyotazama maji yanayodondoka kutoka darini. "Hiyo ni kasoro?"

"Mzee, treni yangu inaondoka," akasema fundi.

"Itachelewa. Huwa inachelewa. Weka begi hapo juu."

"Begi langu nalijua."

"Basi taja baya lake. Mtu hakosi kujua baya la kitu chake."

Nilitamani kaunta ifunguke niingie ndani. Nikamwambia Kasoro amwache baba wa watu aende, kwamba huyu si bi harusi wa kulizwa, kwamba leo ni siku yake ya mwisho na bado hajachoka kutuchosha. Nilisema kwa sauti. Askari akageuka kutazama. Kasoro alisubiri tu, mkono juu ya kaunta.

Fundi akalishusha begi polepole. "Mkanda," akasema, na sauti yake ilishuka pamoja na begi. "Mama aliushona. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akatumia uzi wa kijani kwenye begi jeusi. Nilitaka kuufumua nikamwogopa."

Sote tukautazama mkanda uliokuwa mbele yetu. Ulikuwa mweusi, laini, bila hata mshono mmoja.

Kasoro alikwenda rafu ya chini kabisa, hakusoma hata lebo moja, akarudi na begi jingine jeusi lililoletwa jana yake. Mshono wa kijani ulikuwa unapanda na kushuka kwenye mkanda kama njia ya mbuzi. Kwenye lebo, kwa mwandiko wake wa kubana, alikuwa ameandika: Mkanda umeshonwa uzi wa kijani, ovyo. Aliyeshona amerudia palepale mara nyingi ili ushike.

Fundi akaisoma. Akapitisha kidole gumba juu ya uzi.

"Ovyo kweli," akasema, akacheka kidogo, akalikumbatia begi kifuani badala ya kulitupa begani, akakimbilia treni. Treni ilikuwa imechelewa.

Kasoro akalichukua begi nililoliandikia mimi, akakaa nalo karibu na taa. Aliligeuza, akalifungua, akalinusa, akavuta kila uzi. Kisha akaichana lebo yangu.

"Umekosea," akasema.

"Najua, mzee."

"Ungempa mtu begi la mtu."

"Nimesema najua."

"Na mwandiko umepinda."

Sikumbuki kama nimewahi kukasirika hivyo. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa amekosea yeye. Mtu akikununia kutwa halafu awe sahihi, hasira yako haina pa kwenda. Nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Niliviosha kwa nguvu, na katikati ya kuosha nikasimama, maji yakiendelea kutiririka, kwa sababu nilikuwa nimeliona lile nililokuwa nimeliomba stoo. Sikulipenda. Ningetaka jema la namna nyingine.

Jioni bosi alifunga dirisha tukasimama kama tunavyosimama asubuhi. Nje manyunyu yalikuwa bado. Askari alikuja na kikombe chake akasimama karibu.

"Haya, mama," bosi akaniambia. "Mkurugenzi anapiga sasa hivi."

"Huyu mzee ananichosha," nikasema.

"Hilo silo nililokuomba."

"Nakuja, bosi. Ananichosha kila siku, na sitasema vinginevyo kwa sababu Mungu anasikia. Maneno yake nakwenda nayo mpaka darasani. Lakini anaangalia. Sisi tukiletewa begi tunaona begi. Yeye amekaa na mshono wa mama wa mtu asiyemjua mpaka akajua kwamba mama huyo alirudia palepale ili ushike. Mimi leo nimeandika zuri kwa sababu sikutaka kuangalia. Ilikuwa rahisi. Na ningempa mtu wa watu begi ambalo si lake, na lile alilolishona mama yake likaozea rafuni."

Feni ililia.

"Maneno mengi," akasema Kasoro. "Hapo katikati umerudia."

"Mzee," askari akamwambia, "unasifiwa. Nyamaza upite."

Simu ikalia. Bosi akaingia chumbani kwake akafunga mlango, tukasikia sauti yake bila maneno. Nilishika pindo la koti langu lililokuwa bado bichi, nikaomba bila kufumba macho. Safari hii sikuomba mtu aondolewe.

Akarudi. "Nimemwambia kama ulivyosema, hata lile la kuchosha. Amecheka. Anasema abaki mpaka mwisho wa mwezi, lakini akae ndani kwenye lebo, na wateja asiwaambie lolote baada ya kuwapa vitu vyao." Akamgeukia Kasoro. "Ila Alhamisi Mwanafunzi hayupo, utaniulizia dirishani. Utakubali, mzee?"

"Mimi sikuulizwa kama nataka kubaki," akasema Kasoro.

Nilimjua. Mtu huyu angeweza kukataa kuingia peponi kwa sababu ya bawaba za mlango.

"Tafadhali, kaka yangu," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo.

"Umejiandaa na hesabu za sehemu?"

"Nimejiandaa."

"Hukujiandaa. Nakuona wakati wa chai. Unafanya vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha unaona umeshafika, unaharakisha. Kosa lako linakaa palepale kila siku, mstari unaokaribia jibu. Halafu hurudi kuangalia. Unafunga kitabu unatabasamu."

Mwalimu wangu alikuwa ameniambia wiki iliyopita kwamba ninapotea mwishoni, ila hakujua mwishoni wapi. Huyu alikuwa amekaa ng'ambo ya meza, na daftari langu kwake limesimama kichwa chini, akiniambia kila siku kwamba hesabu itanishinda, na kila siku akifuatilia mstari kwa mstari inanishindia wapi. Nilitaka kumshukuru na kumrushia chupa ya chai, yote kwa wakati mmoja.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuambia. Nilisema itakushinda."

Askari akakohoa ndani ya kikombe chake. Bosi akakunja mikono. "Mzee, ndiyo au hapana. Sema kwa sauti, tukusikie sote watatu."

Kasoro alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akakuta kimoja kimelegea, akakitazama kwa muda. Kisha akasimama wima pale dirishani, kama askari anavyosimama kwa sala.

"Alhamisi nitakaa hapa tangu kufungua mpaka Mwanafunzi arudi," akasema. "Paa livuje, feni ife, mkurugenzi apige simu, sitoki. Na kwa mteja nitauliza kasoro, ninyamaze. Mmesikia?"

"Tumesikia," tukasema.

"Utafeli," akaniambia, "lakini nitakaa."

"Mzee, ahadi bila hilo la kufeli," akasema bosi.

"Basi nisiahidi?"

"Ahidi," nikamwambia haraka. "Ahidi hivyohivyo."

Akarudia tangu mwanzo, neno kwa neno, kwa sauti iliyofika ukumbi wa tiketi, pamoja na hilo la kufeli.